Jina Ambalo Meneja Hangeweza Kulitaja

Nekesa alinipigia simu nikiwa nanyoa ndevu, povu bado shavuni. "Njoroge," akasema, "mama mkwe wa Mzee ametuacha. Tunazika Jumamosi, huko kwake Bumula." Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kabla ya kusema pole. Nekesa naye akacheka. Halafu aibu ikatushika wote wawili, kila mtu na simu yake sikioni, na akasema, "Si unaona, bana. Nilijua tu utacheka. Sasa uje, na ukifika ujikaze, usituaibishe."

Yule nyanya nilikutana naye mara moja tu maishani, alasiri moja, na nusu ya alasiri hiyo alikuwa akiniona mwizi. Lakini kwa mwaka mzima, katika ile miaka ya elfu mbili kabla watu hawajaanza kutumiana pesa kwa simu, jina lake ndilo lililokuwa kufuli la ghala letu la mbolea. Wakulima wa upande wa Bungoma walipanda mahindi mwaka ule kwa sababu ya jina hilo, na hawakujua. Yeye mwenyewe hakujua. Na mtu aliyelichagua liwe paswadi, mkwe wake, Mzee Wanjala, meneja wetu, hakuwa amelitamka kwa mdomo wake hata siku moja. Nilipomaliza kunyoa nilikuwa nimejikata mara kadhaa, na nikaanza kutafuta koti langu jeusi.

Ya nyumbani kwetu sitayaeleza. Kila kijana wa Kitale wa rika langu alikuwa na baba mwenye shamba la mahindi na maoni mengi, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilichokuwa nacho zaidi ni cheti cha pakeji, ndivyo tulivyoyaita masomo ya kompyuta, na kwa cheti hicho nikaajiriwa na chama cha wakulima kilichokuwa na makao yake pale mjini Kitale. Ofisi yenyewe ilikuwa baridi, inanuka vumbi la mbegu, watu wanafanya kazi na majaketi hadi saa tano. Mkurugenzi wetu, Madam Wairimu, alikuwa mama mfupi mwenye chupa yake ya chai ambayo hakuna mtu aliyewahi kumiminiwa. Aliniita, akanionyesha kiti, akaniambia bila kuzunguka: "Bungoma mbolea inatoka kwa ghala na hakuna mtu anajua imeenda wapi. Nataka kila mfuko utoke kwa kompyuta. Nakupatia mwaka mmoja. Ikishindikana, hiyo ofisi nafunga, wakulima wao wawe wanakuja kuchukua mbolea hapa Kitale. Na wewe utafute kazi kwingine."

"Watakuja Kitale na nini, Madam?"

"Hiyo ni shida yao."

Nilipotoka nilisimama kidogo nje nikifunga kamba za viatu, na kwa kuwa ukuta wa ofisi ile ulikuwa mbao nyembamba tu, nikamsikia mhasibu akimwambia, "Huyo kijana atarudi hapa kabla mahindi hayajatoa nywele." Madam akajibu, "Acha ajaribu. Hata akishindwa, tutakuwa tumejua." Sijui tungekuwa tumejua nini. Lakini yale maneno yalinikaa rohoni, na ndiyo niliyoyabeba hadi Bungoma, pamoja na kompyuta tatu zilizofungwa kwa mablanketi.

Bungoma ilikuwa joto, na watu wake walikuwa na joto zaidi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala, upande wa reli, meza zimefunikwa vitambaa vilivyoshonwa maua, na mlango haukufungwa mchana kutwa kwa sababu kufunga mlango ni kumwambia mgeni asiingie. Walikuwa watu watatu. Nekesa, karani, ambaye alicheka kwanza halafu ndiyo akauliza ni nini. Barasa, mwenye ghala, mtu mpana, mpole, ambaye siku ya kwanza alinivutia kiti akasema, "Kalibu, kijana wa Kitale. Kalibu ukae kabisa." Na Mzee Wanjala, mrefu, kofia kichwani ndani na nje, aliyelitamka jina langu Choroke tangu siku hiyo hadi leo. Saa nne kazi ilisimama. Chai ya maziwa ilikuja na viazi vitamu na njugu za kuchemsha, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kugusa karatasi hadi sahani ziishe. Saa saba Nekesa alipika kwenye jiko lake nyuma ya ofisi, ugali na mboga, na akija mgeni, kuku.

Mboga yenyewe siku nyingi ilikuwa mrenda, yale majani ya kuteleza, na hapo ndipo nilipogundua siri ya kwanza ya Mzee Wanjala. Mzee hakuwa anakula mrenda. Kwa mtu wa Bungoma wa umri wake, mwenye heshima zake na mashemeji zake, hili si jambo la kusema hadharani. Ni kama kusema hupendi watu wako. Kwa hiyo bakuli lilipowekwa mbele yake, alifungua gazeti, akajifanya anasoma habari za mpira, na nyuma ya gazeti akalisukuma bakuli polepole hadi kwangu. "Kula, Choroke," alininong'oneza. "Na ukisema kwa mtu nitakukana." Mimi niliyekuzwa na mukimo, viazi vya kuponda na mahindi, nilikula mrenda wa watu wawili kila siku, nikaupenda, nikanenepa. Nekesa alijivuna kila mahali kwamba Mzee humaliza mboga yake mpaka bakuli linang'aa.

Somo la paswadi nilifundisha mwezi wangu wa kwanza pale, wakati wa chai, kwa sababu ndio wakati pekee waliokaa. Niliwaambia kila mtu achague neno lake. Neno hilo ni siri. Usimwambie mtu yeyote.

"Hata Barasa?" Nekesa aliuliza.

"Hata Barasa."

"Hata wewe mwenyewe?"

"Hata mimi."

Barasa aliweka kikombe chini na kunitazama kwa huruma, kama mtu anayetaka kusaidia. "Kijana," akasema, "kwani tumekosana?" Nikaeleza tena: wezi, mfumo, mbolea ya wakulima. Wakaitikia kwa vichwa, wakachagua. Kabla ya saa kumi jioni nilimsikia Nekesa akiita kutoka jikoni, "Barasa! Ingia kwa yangu umalizie ile hesabu, ni jina la firstborn wangu!" Na Barasa akajibu kutoka ghalani kwa sauti iliyofika stesheni, "Sawa! Na wewe ukitaka yangu, ni ile fahari yangu, Kamishna!" Kamishna alikuwa ng'ombe dume ambaye mji mzima ulimjua kwa jina.

Siku hizi nalipwa kufanya kazi hiyo hiyo. Nazunguka maofisi ya Eldoret na Kisumu nikiwaonyesha watu picha ukutani na kuwaambia wasitaje paswadi zao, na wasomi wenye tai wanaitikia kwa vichwa, halafu wakati wa chai nasikia mmoja akimwitia mwenzake neno lake lote toka ng'ambo ya chumba. Zamani nilikuwa nakasirika. Sasa sikasiriki, kwa sababu nilikaa Bungoma mwaka mzima na nikaelewa. Si ujinga. Ni kwamba ukimficha jambo mtu unayekula naye, unamwambia humwamini, na hakuna kompyuta duniani yenye thamani ya kumwambia Barasa humwamini. Ningekuwa na jibu la jambo hilo ningekuwa tajiri.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenipa moyo. Mzee Wanjala, siku ile ya somo, alifikiri kwa muda mrefu sana. Akavua kofia, nadhani ndiyo mara ya kwanza nilikiona kipara chake, akaifunika kibodi, na akaandika kwa kidole kimoja chini ya kofia huku akitazama pembeni. Nekesa alimwuliza ni nini. "Hilo siwezi kusema," akajibu. "Hata mkinichinja hapa." Nikafurahi. Nikaandikia Madam Wairimu kwamba meneja ameelewa usalama vizuri kabisa. Kwa hiyo nikampa yeye ufunguo mkubwa: mfuko wowote wa mbolea usitoke ghalani hadi Mzee aingize neno lake na mashine itoe karatasi ya ruhusa. Barasa naye nikamwapisha, kwa Biblia ya Nekesa, kwamba bila karatasi hafungui. Barasa alikuwa mwepesi wa kumwaga siri zake, lakini kiapo alikiogopa.

Mvua za kupanda zilipokaribia, ghala lilijaa hadi dari. Wiki hiyo hiyo Madam aliniita Kitale nikamweleze maendeleo, na Mzee Wanjala akaenda Mabanga kwenye mafunzo ya wakulima. Ofisini wakabaki Nekesa na Barasa. Yaliyotokea asubuhi hiyo nilihadithiwa na Nekesa mara nyingi sana, na kila mara anaongeza kidogo, lakini kiini chake hakijabadilika. Alikuja kijana mtanashati, tai nyekundu, mfuko wa laptopu begani, akasema anaitwa Bwana Simon, ametumwa na Madam Wairimu kutoka Kitale, mfumo umeingiwa na virusi na usiposafishwa leo kila kitu kitapotea. Nyuma yake lori tupu liliegeshwa kando ya ghala. Nekesa anasema hakuliuliza lori. "Ningeuliza aje? Mtu hajakunywa hata chai!"

Basi wakampa chai. Halafu, kwa kuwa ni mgeni wa Kitale na mimi nilikuwa nimewasifia watu wa Kitale tangu nifike, Barasa akakamata jogoo. Mwizi alichinjiwa kuku. Alipewa firigisi! Na alipomaliza kulamba vidole akaomba paswadi, na wakampa: ya Nekesa, ya Barasa, na kwa ukarimu wakampa na ya kwangu pia, kwa sababu Nekesa alikuwa ameona vidole vyangu vikicheza kwenye kibodi. Ikabaki ya Mzee. Wakampigia simu Mabanga. Mzee Wanjala aliongea na simu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, kwa hiyo Nekesa alisikia kila kitu.

"Kijana, ningependa kukupatia," Mzee alisema. "Kweli kabisa. Lakini hilo jina siwezi kulitaja."

"Mzee, mfumo unakufa."

"Pole sana. Lakini ni jina la mama mkwe wangu. Ile ya utotoni, alipewa na nyanya yake. Huku kwetu mtu hataji."

"Basi niandikie kwa SMS."

"Kuandika si ni kutaja na kidole? Utaliona!"

"Lakini kwa kompyuta si unaliandika kila siku?"

"Ah, kompyuta ina heshima, bwana," Mzee akasema. "Nikiandika, inafunika na nyota. Hakuna mtu analiona. Hata mimi mwenyewe."

Nekesa anasema hapo yule kijana alifunga macho na kuyafungua. Na Mzee Wanjala, kwa sababu hakuweza kuvumilia mgeni atoke mikono mitupu, akampa shauri. Alimwelekeza Bumula, nyumba ya tatu baada ya kinu cha posho. "Watu wote huko wanamwita Mama Nafula, hiyo ya utotoni hawaijui. Mwulize mwenyewe. Yeye akikubali kujitaja, mimi sina neno." Kijana akapanda bodaboda, lori akaliacha pale pale.

Nilifika Bungoma mchana, na kabla sijashuka vizuri nikaona lori, dereva akisinzia na kofia usoni, na mezani mifupa ya jogoo. Nilijua kabla hawajamaliza kuniambia. Niliona wakulima wakija na mikokoteni wakikuta ghala tupu wakati mvua imeshaanza, nikaona mlango wa ofisi umepigwa misumari, nikamwona yule mhasibu wa Kitale akitabasamu. Nekesa alianza kulia. Barasa alienda akaketi kwenye kizingiti cha ghala, akauziba mlango wote, akasema, "Sitoki hapa. Wewe enda." Nikachukua pikipiki ya ofisi, ambayo nilikuwa naijua kidogo tu, na nikashika njia ya Bumula nikiomba Mungu kwa sauti.

Nyumba ilikuwa safi, imefagiwa mistari mistari uani, uzio wa miti ya maua manjano. Sebuleni, viti vyenye vitambaa vyeupe. Kwenye kimoja ameketi Bwana Simon, sahani ya ndizi mbivu magotini, jasho linamtiririka hadi kwenye tai. Mbele yake, kwenye kigoda, nyanya mwembamba, amekunja mikono, na alikuwa akimwuliza maswali kwa upole wa ajabu. Niliposimama mlangoni alikuwa anasema, "Umesema baba yako ni wa hapa hapa. Sasa alitahiriwa na rika gani?" Kijana akataja rika. Nyanya akafikiri. "Hilo ni rika la babu yangu, mwanangu. Baba yako alikuzaa akiwa kaburini?"

Nikabisha hodi. Nikajitambulisha: Njoroge, kutoka ofisi ya mkwe wake, na huyu mtu ni mwongo, na nimekuja kumwomba asiseme jina lake.

"Mwingine tena!" akasema. "Mmoja anataka jina langu, mwingine hataki. Leo jina langu lina soko. Keti hapo."

"Mama, huyu ndiye mwizi mwenyewe!" Simon akaruka. "Ndiye tunamtafuta! Ni mtu wa Kitale!"

"Na wewe si ulisema umetoka Kitale?"

"Nimetoka Kitale, lakini si wa Kitale."

Nyanya hakucheka. Alituambia tukae wote, na kwa sauti ile ile ya upole akatujulisha kwamba wanawe walikuwa wanalima pale nyuma, na akipiga ukemi mmoja watakuja na majembe, na majembe hayaulizi maswali. Nikakaa. Nilikuwa kijana wa watu, nimevaa shati la vumbi, nimefika kwa pikipiki bila kutumwa, sina mtu hata mmoja wa kunishuhudia, nikishindana na mtu mwenye tai. Kwa mara ya kwanza maishani nilielewa jinsi kompyuta inavyotuona sisi wote: sura mbili mlangoni, kila moja inasema ni mimi. Niliogopa sana, na sioni haya kusema hivyo.

Nyanya alitutazama, huyu, halafu huyu. "Mnasema mnafanya kazi na mkwe wangu," akasema. "Mimi yeye hajawahi kukaa kwa hii nyumba nikiwa ndani. Nikija anapita nyuma. Lakini binti yangu hunieleza vile anaishi, na mimi ndiye namtumia mboga ya kupikwa huko ofisini. Basi niambieni. Mkwe wangu hali nini?"

Simon alikuwa mwepesi. "Nguruwe," akasema. "Mzee ni mtu wa dini, hawezi gusa nguruwe."

Akanigeukia. Na mimi nilisita, jamani. Nilisita kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Nilimwona Mzee na gazeti lake, bakuli likija polepole mezani. Halafu nikafikiria majembe.

"Mrenda," nikasema. "Hali mrenda, Mama. Hunipa mimi, nyuma ya gazeti."

Nyanya aliweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. Akacheka hadi kitambaa chake cha kichwa kikalegea, akapiga paja, akasema kwa lugha yake maneno ambayo sikuyaelewa, halafu kwa Kiswahili: "Binti yangu aliniambia, nikabisha, na mimi namtumia kila mwezi mfuko mzima! Kumbe ni wewe unanenepa! Huyu amekula naye." Bwana Simon akaomba kwenda msalani. Alikwenda, na akaendelea kwenda, tukaiona tai yake ikipepea ndani ya miwa hadi ikapotea. Aliacha mfuko wake wa laptopu. Tuliufungua pamoja, mimi na nyanya. Ndani mlikuwa na taulo na kipande cha sabuni. Lori nalo, nilikuja kuambiwa, liliondoka kimya kimya Barasa alipokataa kunyanyuka hata baada ya kupigiwa honi.

Nilipotoka uani nilimkuta Mzee Wanjala nje ya uzio. Alikuwa ameshtuka huko Mabanga alipopigiwa na Nekesa, akadandia trekta, akafika, lakini hangeweza kuingia. Mama mkwe yumo ndani. Alikuwa amesimama ameipa nyumba mgongo, kofia mkononi, akitazama barabara kana kwamba anasubiri mtu mwingine.

"Mzee," nikasema, "tumeokoka."

"Nimesikia," akajibu bila kugeuka. "Nimesikia pia umesema mrenda."

"Mzee, walikuwa na majembe."

"Umeniuza, Choroke." Akavaa kofia. Tulitembea kidogo tukisukuma pikipiki, halafu nikaona mabega yake pia yanatikisika.

Mbolea ilitoka wiki hiyo kwa karatasi zake, mfuko kwa mfuko, na mvua ikaikuta shambani. Madam Wairimu aliposikia kwamba tapeli alipewa paswadi zote isipokuwa ya meneja, alikuja Bungoma mwenyewe, akakunywa chai yetu, na akamwalika Mzee Kitale awafundishe wafanyakazi wote jinsi ya kutunza siri. Mzee alisimama mbele yao na kofia yake akasema, "Kila mtu achague jina ambalo hawezi kulitaja." Akaketi. Watu wa Kitale wakatazamana. Mhasibu aliniuliza baadaye afanyeje, maana yeye humwita mama mkwe wake kwa jina kila siku, na kwa sauti. Ofisi ya Bungoma haikufungwa. Mimi nikaajiriwa kabisa. Na nyanya wa Bumula alianza kutuma mifuko miwili ya mboga: mmoja wa kunde, wa mkwe, na mmoja wa mrenda, wa kijana wa Kitale. Hakuniambia jina lake, na mimi sikuliuliza.

Basi Jumamosi nikafika Bumula. Nekesa amekuwa bibi mwenye wajukuu, Barasa anatembea na fimbo, na bado alinivutia kiti. Msoma wasifu alisoma jina la ubatizo na Mama Nafula, basi. Nekesa alinifinya. Sote watatu tulikuwa tumelisubiri lile jina na halikuja. Wakwe walikuwa wameketi chini ya turubai yao ya kando, kama desturi, na zamu yao ilipofika Mzee Wanjala aliinuka, mzee sana sasa, akachukua kipaza sauti, akavua kofia.

"Huyu mama," akasema, "sijawahi kumshika mkono. Miaka hiyo yote. Tukikutana njiani mimi naingia kichakani, yeye anageuza uso. Heshima. Lakini nataka mjue, kila asubuhi nikifika kazini nilimwandika jina kabla sijafanya kitu kingine. Hakuna kazi niliyoanza bila yeye. Na hata baada ya kustaafu, hiyo kompyuta ya nyumbani, ni yeye hunifungulia." Akageukia jeneza, akalitazama moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amemfanyia huyo mama akiwa hai. "Nasipwondi," akasema. "Asante, Mama. Nasipwondi."

Wazee walishtuka. Mtu mmoja akasema "Eee!" kwa sauti. Binti za marehemu waliangua kilio, na mimi pia nililia, na Nekesa aliyeniambia nijikaze alilia kuliko mimi. Nilikuwa nimelala karibu na jina hilo mwaka mzima, nimelifungia ghala, nimelipandia pikipiki, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia.

Wakati wa chakula nilisikia mkono wa Mzee begani. Aliketi kando yangu na sahani ya ugali na kuku, macho bado mekundu.

"Choroke," akaninong'oneza, "sasa itabidi nibadilishe."

"Pole, Mzee. Utaweka gani?"

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Halafu akachukua bakuli la mrenda lililokuwa mbele yake, akatazama kulia na kushoto, na akalisukuma polepole hadi kwangu.